Kamba Isiyofungwa Kiunoni

2 Februari 1986

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Nyumbani wote tu wazima, isipokuwa magoti ya mama. Anasema magoti yake yanajua mvua kabla ya mawingu, lakini siku hizi yanamdanganya sana, na ukimkumbusha anasema magoti hayakukosea, ni mvua iliyoghairi. Kuku wake mweupe amehamia kwenye kofia ya marehemu baba, anataga humo humo, na mama amekataza mtu yeyote asimfukuze. Wifi yako anakusalimu. Ana habari yake, nitakupa nikiwa na hakika nayo, kwa hiyo usiulize.

Tumepata kazi. Ile zahanati ya kando ya barabara inataka kisima. Wanawake wanaokwenda kujifungua pale hubeba ndoo ya maji kutoka kwao, maana mkunga hana hata ya kunawa mikono. Mimi nataka tumalize kabla ya mwezi wa tisa. Kwa nini mwezi wa tisa, nimeshakuambia usiulize.

Sasa, binamu ameniacha. Amepata kazi ya utingo kwenye lori, anasema amechoka kushika kamba, anataka kuona dunia. Sikumzuia. Nadhani sikuwahi kukuambia kwamba siku moja niliitikisa kamba anivute mpaka bega likaniuma, kumbe bwana kajifunga kiunoni vizuri kabisa, na anakoroma.

Nimempata mtu mwingine. Si wa hapa, na kwao hajasema ni wapi. Watu wanamwita Subiri kwa sababu ndilo neno analolisema kuliko mengine yote. Siku ya kwanza nilikuwa nimeshavua shati nianze, akasema "Subiri," akaanza kuzunguka pale akikanyaga udongo kwa kisigino, viatu vyenyewe vikubwa kumzidi, vinapwaya kila hatua, mpaka mkunga akaja kuniuliza kama huyu ni mchimba kisima au ni mganga wa kupiga ramli. Alipomaliza akahamisha gogo letu la kupitishia kamba, akalipeleka upande wa pili.

Jambo moja nikuambie mimi kabla hujaambiwa na wengine. Hajifungi kamba kiunoni. Ncha anaifunga kwenye kigingi cha chuma alichokipigilia mbali nyuma yake, na kamba yenyewe anaishika kwa mikono. Nimemwacha afanye hivyo. Usikasirike.

Mdogo wako,
Fuko


23 Februari 1986

Mdogo wangu Fuko,

Marahaba. Mwambie mama asijipake ile dawa ya kunuka, avae soksi. Mwambie pia hiyo kofia ya baba, kuku akishamaliza kutaga, aikung'ute na kuitundika. Mimi sijambo. Chumba changu ni kile kile, jirani yangu wa ukutani bado anajifunza tarumbeta, na bado hajajua.

Umeniambia nisikasirike. Nimekasirika.

Unasahau nani alikushikia kamba kabla ya huyo binamu wako wa kukoroma? Nilikuwa na miaka kumi na miwili baba aliponifunga ncha kiunoni kwa mara ya kwanza. Akavua viatu, akaviweka miguuni pangu kama ilivyo desturi yetu, kwamba anayeshuka humwachia viatu anayebaki juu. Akaniambia, "Nanga, mimi nikienda tunakwenda wote." Nilijiona mkubwa kuliko dunia. Na kila mtu aliyekuja kuomba kazi kwa baba aliulizwa swali moja tu, kama yuko tayari kujifunga. Asiyejifunga nawe hajali ukivunjika. Hayo si maneno yangu, ni ya yule aliyekuzaa.

Sasa wewe umemwokota mtu barabarani, hana kwao, hana jina, hana hata viatu vya saizi yake, na umemkabidhi roho yako. Je, yeye amekukabidhi nini? Kigingi!

Mdogo wangu, mimi kazi yangu ni kukaa langoni kwa jengo hili refu na kufungua mabegi ya watu. Ungejua ninayoyaona humo. Juzi bwana mmoja mwenye tai, mwenye miwani, anayenisalimu kila asubuhi kwa adabu, nimemkuta na karatasi za chooni za ofisi amezipanga kwenye mkoba kama vitabu. Watu hawaandikwi usoni. Hapa sipitishi mtu bila kumpekua, isipokuwa mwenzangu mmoja anayefagia ghorofa za juu, naye ni kwa kuwa tunakunywa chai ya chupa moja na najua mpaka anavyolala. Huyo namjua. Wewe huyo wako unamjua?

Muulize kwa nini hajifungi. Akishindwa kujibu, mwambie aende na kigingi chake.

Dada yako,
Nanga


20 Machi 1986

Dada,

Shikamoo tena, na pole kwa tarumbeta. Soksi mama amezivaa, sasa analalamika joto.

Ile habari ya wifi yako nina hakika nayo. Utakuwa shangazi. Mkunga anasema mwanzoni mwa mwezi wa tisa, na wifi yako amenikalia kooni, anasema hatabeba ndoo kichwani na mtoto tumboni hadi zahanati wakati mumewe ni mchimba visima. Anasema watu watatucheka. Na kweli wanatucheka. Kila anayepita pale anatuimbia kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe, na anadhani yeye ndiye wa kwanza kulisema.

Kuhusu Subiri. Sijamuuliza, dada, na sitamuuliza. Siku ile anapigilia kigingi nilimwonyesha ncha ya kamba, nikajigusa kiuno, hivi, bila maneno. Akatikisa kichwa. Akaendelea kupigilia hata kigingi kilipokwisha kushika. Mtu akifunika kidonda humfunui kitambaa ili uone kama ni kidonda kweli.

Ninachokijua ni hiki. Kabla sijashuka anashusha kibatari kwanza, na kikififia kwa hewa mbaya nakaa juu hata kama jua linatupita. Viatu vyangu nikiviweka miguuni pake anavifuta udongo, anavigeuza vitazame nyumbani. Nikiwa chini nikasema neno, hajibu, lakini kamba inacheza kidogo, nami najua yupo. Na wifi yako ana ushahidi wake mwenyewe. Alimpelekea chai siku ya kwanza, na kikombe kikarudi kimeoshwa. Anasema mwanamume anayerudisha kikombe kimeoshwa hawezi kuua mtu.

Nimekuandikia hili la mwisho ili ucheke.

Fuko


5 Mei 1986

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeipata, nimechelewa kujibu, shughuli zilikuwa nyingi. Hongera sana kwa wifi. Mwambie asibebe chochote, hata sufuria. Nimeanza kufuma kofia ya mtoto, nimeifumua mara mbili, imekuwa ya mtu mzima.

Kikombe kuoshwa si kitu. Naomba msirudie kuniandikia habari za kikombe. Mtu anaweza kukuoshea kikombe, akakuletea chai, akakuuliza umeamkaje, akakumbuka mpaka siku aliyokufa mumeo, na bado. Najua ninalosema.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Wewe hujaumwa, ndiyo maana unalala kwenye nyasi. Nakuomba kwa mara ya mwisho, tafuta mtu wa kujifunga, au mfunge huyo mwenyewe kwa nguvu.

Usiniandikie tena kwenye anwani ya kazini. Andika kupitia kwa fundi cherehani wa mtaani kwetu, anwani nimeiweka nyuma ya bahasha.

Nanga


25 Mei 1986

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako ilikuwa fupi hata mama ameshtuka. Nilipomsomea akasema, "Endelea," nikamwambia imekwisha, akasema nimeruka ukurasa. Una nini? Kwa nini kwa fundi cherehani? Jengo refu halina tena sanduku la barua? Na nani aliyekuoshea kikombe?

Hutaki kusema, basi. Kama nimeweza kumwacha mgeni na siri yake, sembuse wewe. Lakini nipo.

Huku tumefika kwenye udongo mwekundu mgumu, sururu inaruka kama imegonga chuma. Nikitazama juu naona anga kama sahani, na kwenye ukingo wa sahani kichwa cha Subiri. Nikiwa kule chini ndipo huwa nafikiria maneno yako, maana hakuna kingine cha kufanya ndoo ikiwa imepanda. Na nimefikiria hivi. Ulipoondoka hapa kwenda kuolewa ulipanda basi. Ulimuuliza dereva kama jana yake alilala? Mama alipokuwa hospitali, ulimuuliza nesi ile sindano ina nini? Kila siku tunampa mtu kamba na hatuoni, kwa sababu hatuko kisimani. Mimi niko kisimani, basi naiona. Hiyo ndiyo tofauti yetu.

Simwamini Subiri kwa sababu ni mwema. Huenda si mwema, sijui. Namwamini kwa sababu kila asubuhi lazima nimwamini mtu, na yeye anapokuwa pale huwa yupo pale kweli. Binamu alikuwa amefungwa pale, lakini hakuwepo.

Usinikasirikie. Mama anasema kofia ya mtoto uimalizie hivyo hivyo, mtoto atakua.

Fuko


30 Juni 1986

Fuko,

Leo sina salamu. Binamu amepita hapa na lori lao, amenikuta kwa fundi cherehani, na ameniambia yote ambayo wewe hujaniambia. Umeanguka. Mkono umevunjika. Na yule bwana wako ALIIACHIA KAMBA.

Aliiachia! Mimi mtoto wa miaka kumi na miwili, kamba imenichubua viganja, baba yuko chini na jabali, sikuwahi kuiachia. Wewe ulipokuwa na homa ukazimia kule chini, nani alikuvuta? Niliachia?

Nilikuambia. Nilikuambia mpaka wino ukaisha. Ukaniletea habari za sahani na mabasi. Wifi ana mimba kubwa, mama ana magoti, na wewe unataka kuwaachia kigingi cha kuwalea! Nimelia mpaka fundi amesimamisha cherehani.

Mfukuze yule muuaji kabla hujaikunja barua hii. Namtuma binamu aikabidhi mkononi mwako, maana hata posta siku hizi siiamini.

Nanga


14 Julai 1986

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Utashangaa mwandiko huu ni mzuri. Si wangu. Mkono wangu wa kulia uko kwenye plasta, mama haandiki, na wifi yako amesema akishika kalamu leo ataandika ya kwake na si yangu. Kwa hiyo maneno ni yangu, mkono ni wa Subiri. Barua yako niliisoma mwenyewe, kisha nikampa naye aisome, kwa kuwa inamhusu. Aliisoma yote pole pole, akaikunja, akanirudishia, akaenda kukata kuni za mama. Akarudi, akachukua kalamu.

Dada, yule bwana aliiachia kamba kweli. (Amenitajia "yule bwana", lakini mwishoni mwa barua yako ni "yule muuaji". Nimeandika alivyotaja. S.)

Sikiliza ilivyokuwa. Mvua ilinyesha, na magoti ya mama hayakusema kitu. Tulingoja udongo ukauke. Nikashuka, nikachimba, na kule chini udongo ukaanza kulowa, dada, maji yalikuwa yanakuja, nikaitikisa kamba anivute nipande nimwambie. Nilikuwa nimefika katikati ukingo ulipokatika. Ulikatika pale pale alipokuwa amesimama. Alizama hadi kifuani, miguu inaning'inia ndani ya kisima, na uzito wangu unamvuta. Ndipo akaachia. Kamba ikakimbia, nikaanguka, nikafikiri ndiyo basi tena. Kisha kigingi kikanikamata. Nikagonga ukuta kwa mkono, nikasikia mfupa ulivyolia. Nikabaki naning'inia kama ndoo, udongo unanimwagikia kichwani.

Udongo ukapungua. Halafu nikasikia sauti inaniambia, "Subiri."

Sijawahi kusikia neno tamu kama lile. Alijikwamua kwa viwiko, akapiga kelele, watu wakaja. Nilivutwa na Subiri, na mkunga, na mgonjwa mmoja aliyekuwa na homa ambaye baadaye alisema imepona. Binamu alisimuliwa na watu, na watu walimwambia nusu. Subiri angekuwa amejifunga kiunoni, dada, angenifuata na udongo wote juu yake. Nani angepiga kelele?

Kazi imesimama. Ukingo tumeujengea mawe sasa, lakini mimi siwezi kuchimba wala kushika kamba kwa mkono mmoja, na bado hatua kadhaa maji yajae. Wifi yako ameanza kuitazama ile ndoo.

Ni mimi mdogo wako, na nimeamuru aandike hivi, Fuko anakupenda hata ukipiga kelele.

(Dada, shikamoo. Mimi ninayeandika naomba nafasi ndogo hapa chini, mwenyewe ameniruhusu.

Bila shaka unajiuliza kwa nini sijifungi. Ndugu yako hakuniuliza hata mara moja, na kwa hilo namshukuru. Zamani nilikuwa najifunga. Kwetu nako ilikuwa desturi. Kaka yangu alikuwa chini, ukingo ukakatika, kamba ikanivuta, nikamwangukia. Juu hakubaki mtu. Tuliita mpaka sauti zikaisha. Watu walikuja kesho yake kutazama kazi imefika wapi, wakanitoa mimi. Yeye alikuwa ameshakwenda.

Tangu hapo nataka mmoja abaki juu. Viatu alivyoniachia ndivyo ninavyovaa.

Sikukasirika uliponiita vile. Nami ningeita hivyo. S.)


2 Agosti 1986

Mdogo wangu Fuko, na wewe unayemwandikia,

Marahaba nyote wawili. Mpe mama pole ya magoti yaliyonyamaza. Kofia ya mtoto imekwisha, ina sikio moja refu, na sitaki maoni.

Barua yenu nimekaa nayo siku nyingi. Fundi cherehani akinipa vifungo nivishone, navishona upande usio wake. Ndiyo, nashona vifungo. Langoni sipo tangu mwezi wa nne.

Yule mwenzangu niliyekuambia, tuliyekunywa chai ya chupa moja, alikuwa anatoka na kikapu chake kila jioni mbele yangu na mimi namwagia salamu. Kikapuni kulikuwa na vitasa, Fuko. Vitasa vya milango. Ghorofa nzima ya juu ilikuwa inafungwa kwa kamba za viatu kabla wakubwa hawajagundua. Siku walipomkamata walimpekulia kwenye meza yangu, mimi nimesimama na chupa ya chai mkononi. Tuliondoka kazini mlango mmoja, siku moja. Ungekuwa karibu ungecheka. Mimi nilikuwa sijaweza kucheka mpaka leo naandika.

Kilichoniuma si kazi. Kiliniuma kwamba ile chai ilikuwa tamu kweli, na nikifikiria nyuma sioni ni wapi ningejua. Kikombe kilikuwa kinaoshwa. Kwa hiyo nikasema basi, sitamwamini mtu tena, na wa kwanza nikakushukia wewe uliye mbali, na huyo mgeni asiyenijua. Niliyekuwa nampekua alikuwa mwingine, begi nikalifungua la kwenu. Nisameheni. Juzi mwenzangu yule alikuja mlangoni. Sijamsamehe. Nilimfungulia tu, akakaa, tukasikiliza tarumbeta.

Halafu nimemfikiria baba. Fuko, alinifunga mtoto wa miaka kumi na miwili kwenye kamba iliyobeba mwanamume mzima. Udongo ungekatika siku moja tu, mama angetuzika wote wawili. Nimelia kwa hasira, na nikalia kwa kumkumbuka, sijui lipi lilikuwa lipi. Alinipenda, na alikosea, na mimi nikalishika kosa lile nikaliita uaminifu miaka yote hii.

Sasa nisikilizeni. Mtoto yuko njiani, na wifi yangu habebi ndoo kwenda kokote. Langoni sitakiwi, vifungo vinaweza kusubiri. Nakuja. Fuko, wewe utakaa kivulini na mkono wako na kutuamuru, kazi unayoipenda. Subiri achimbe. Kamba nitashika mimi. Viganja vyangu havijasahau.

Lakini hilo haliamuliwi na mimi. Muulize yeye, na umuulize vizuri, usimtanie. Je, ataweza kushuka akiwa ameshikiwa kamba na mtu asiyewahi kumwona, aliyemwita muuaji? Mwambie sitajifunga. Mwambie nitasimama pale atakaponionyesha. Akisema hapana sitamlaumu, nitakuja kufua nguo za mtoto.

Nanga


19 Agosti 1986

Dada,

Shikamoo. Naandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana herufi zinatambaa. Hili nimetaka niliandike mwenyewe.

Wifi yako hajambo, bado hajajifungua, amevimba miguu na anamtukana kila anayemuuliza lini. Mama ameiondoa kofia ya baba kwa kuku, ameikung'uta, anasema ni yako ya kuvaa juani ukija.

Nilimuuliza. Nilimsomea barua yako yote, hata vitasa, samahani. Alicheka. Sikujua ana meno mengi hivyo. Nilipofika kwenye lile swali lako akasimama. Nikangoja aseme "subiri", hakusema hata hilo. Aliondoka, nikadhani ndiyo jibu, na nikajuta kuuliza.

Jioni ile nilijikongoja hadi zahanati. Kigingi amekipigilia upya, akakiongezea cha pili. Pembeni amesawazisha udongo, ameweka jiwe bapa la kukalia. Na mbele ya jiwe, miguuni patakapokuwa pako, ameviweka vile viatu vya kaka yake. Amevifuta. Vinatazama nyumbani.

Vipo pale tangu juzi, dada, na mtu anatembea peku. Fanya haraka, hapa kuna miiba.

Fuko